Siku Yako Inaanza Lini?

Saa ya namba ya kwanza niliyopewa niitengeneze niliiua kwa kuisafisha. Niliifungua mgongo nikakuta ndani hakuna gurudumu wala springi, ila kibao cha kijani, na juu ya kibao tone moja jeusi lililokauka, kama lami iliyodondoka kwa bahati mbaya. Nikasema moyoni, hawa waliotengeneza saa hii ni wachafu kweli. Nikachukua ncha ya wembe nikalikwangua lile tone taratibu, kwa adabu, mpaka likatoka lote. Chini yake palikuwa na kipande kinachong'aa, hakifiki nusu ya punje ya mchele, nacho kikabanduka. Nikakipuliza kikaenda zake. Nikafunga mgongo wa saa, nikafuta kioo, nikaanza kubonyeza vitufe nikiwa nimeridhika kabisa.

Fundi Mketo, aliyekuwa akinifundisha kazi, aligeuka kwenye kigoda chake.

"Umesafisha?"

"Nimesafisha, Fundi."

"Na lile jeusi?"

"Nimelitoa lote."

Akaitoa lenzi jichoni, akanitazama kwa macho yote mawili, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya saa za kazi.

"Basi umeutoa ubongo ukaupuliza. Mwenyewe akija, mwambie saa yake ni safi."

Lile tone ndilo lililokuwa saa. Vingine vyote, kioo, mkanda, vitufe na yale maganda ya plastiki, vilikuwa nguo tu.

Nayaandika haya kwa ajili yenu vijana wa simu pale stendi ya Kibiti, ambao siku hizi mnafungua saa janja zinazohesabu mpaka mapigo ya moyo. Nimewaachia meza yangu, kibano, bisibisi na lenzi yenye ufa. Mkaniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa. Habari za kipato sitaziandika, maana zingeisha kwenye mstari mmoja na mngejua nimeacha mengi. Nitaandika ya kazi yenyewe.

Mimi nilimaliza kidato cha nne nikarudi nyumbani, na kurudi nyumbani ndiko nilikokuwa nikifaulu siku zote. Wenzangu walikwenda Dar kutafuta maisha. Mimi niliona maisha yakinitaka yatanikuta hapa hapa, na mama yangu, Bi Mwajuma, alikuwa anapika vizuri. Safari ndefu niliyofanya kwa ajili ya kazi ni ya Utete, nikarudi jioni ile ile, nikaisimulia mwaka mzima. Kazi ya saa ilinifaa kwa sababu ni ya kukaa. Fundi Mketo alikuwa na kibanda hatua chache kutoka mlangoni petu. Nilipomwomba anifundishe, aliniuliza kama naweza kukaa bila kuongea kutwa nzima. Nikamwambia kukaa naweza. Akasema hilo la pili tutalitafuta mbele ya safari.

Yeye alijifunza saa za springi, zile za kutia ufunguo. Aliziosha kwa petroli, akazipanga magurudumu juu ya kipande cha kioo kama mtu anayepanga karata, na ilikuwa marufuku kupiga chafya ndani ya kibanda. Alinifundisha kushika kibano kama unavyoshika bawa la kipepeo. Alinifundisha pia jambo lililonifaa kuliko kibano: kabla hujafungua saa, muulize mwenyewe anaitumia kufanyia nini. Kuna mtu anataka ipige sawasawa, na kuna mtu anataka ing'ae tu mkononi siku ya harusi. Ukiwachanganya umeharibu saa mbili.

Kisha ikaja ruksa. Biashara zikafunguliwa, na vitu tulivyokuwa tukivisikia kwa watu vikaanza kupita mlangoni. Saa ilikuwa kitu cha mwalimu, karani na mtu aliyerudi Maka. Ghafla wakaja wachuuzi wamezining'iniza mkono mzima, kuanzia kifundo mpaka kwapani, saa nyeusi za plastiki zinazolia asubuhi bila kuulizwa. Mkulima akiuza mpunga ananunua baiskeli, redio na saa. Baiskeli anaijua mwenyewe. Redio anampelekea fundi redio. Saa anatuletea sisi.

Fundi Mketo alizikataa. "Saa isiyo na moyo unaopiga, mimi siijui," alisema. "Hiyo ni kalenda ina betri." Akazisukumia upande wangu wa meza, na mimi kwa kuwa nilikwishaua moja, nikaonekana mzoefu.

Niliyojifunza niliyajifunza kwa kuharibu. Chipu yenyewe, ile iliyo chini ya tone, haifi ovyo. Asilimia kubwa ya saa nilizoambiwa zimekufa zilikuwa zimechafuka tu. Namba zikikatika, nane ikawa sita na tisa ikawa tatu, kosa si la chipu. Kuna kipande cha mpira chenye mistari myembamba kinachopeleka habari kutoka kwenye kibao kwenda kwenye kioo. Kifute kwa spiriti, kirudishe bila kukigusa kwa vidole. Vishikio vya betri visugue kwa kifutio cha penseli, kile cha shule. Saa zilizotoka Nyamisati, kule pwani, zilikuja zimeota kijani ndani kwa maji ya chumvi, na njia nyembamba za shaba zimelika. Hizo nilizichorea njia mpya kwa penseli laini, mstari mmoja, mkono usitetemeke. Mnacheka, lakini zilitembea. Walionunua miti ya mikoko kule wakirudi walinipungia mkono wenye saa.

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni kwamba chipu ilikuja na fikra zake. Mtu fulani nchi ya mbali, ambaye sitamjua jina, alikaa na kalamu akachora njia ndogo zisizoonekana, na ndani ya zile njia akaweka anachokiamini: kwamba mwezi wa pili ni mfupi, kwamba Jumatatu inaitwa MO, na kwamba siku inaanza katikati ya usiku, wakati watu wote wamelala na hakuna wa kumpinga. Unaweza kubadili betri, kioo na mkanda. Hilo la katikati ya usiku hulibadili. Liko chini ya tone.

Wateja wetu hawakutaka habari hiyo. Mtu wa Kibiti saa moja ya asubuhi anataka kuona moja. Aone saba aanze kutoa sita kichwani? Kwa nini, amekosa nini? Kwa hiyo nilizitegesha saa Kiswahili, saa moja ionekane moja. Ukifanya hivyo saa inatii, ila tarehe inachanganyikiwa. Chipu inageuza siku kila inapomaliza mzunguko wa pili wa kumi na mbili. Ukiitegesha Kiswahili, kumi na mbili hiyo inaangukia ama alfajiri ama jioni, kutegemea mchana wako umeupa AM au PM. Mimi mwanzoni nilitegesha kwa kubahatisha. Nusu ya wilaya ilibadili siku ikiamka na nusu ikibadili ikioga jioni.

Aliyekuja kunisahihisha ni Mzee Hamisi Mbonde wa Mtawanya, mkulima, mtu mwenye mabega mapana na maneno machache yaliyonyooka. Alikuwa pia baba wa Zena, msichana ambaye kwa ajili yake nilikuwa nimeanza kunyoa ndevu kila siku. Aliiweka saa yake mezani.

"Wewe ndiye Shabani?"

"Ndiye, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Saa yangu inageuza siku alfajiri. Muislamu gani siku yake inaanza alfajiri?"

"Inaanza lini, Mzee?"

"Jua likizama. Alhamisi jua likizama, ule ni usiku wa Ijumaa. Huo ndio mpango. Sasa iambie saa."

Nikaiambia. Niliupa mchana PM na usiku AM, nikarekebisha tarehe, nikamwambia akae asubiri. Alikaa mpaka jioni akiwa ameikodolea macho. Ilipofika kumi na mbili, herufi zikageuka mbele yake. Mzee yule hakucheka, ila alinyanyuka akanipa mkono, na kwa mtu wa aina yake hiyo ni sherehe.

Akaenda kuitangaza Mtawanya kote. Wakaja kwa makundi wakitaka "saa ya magharibi". Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa kila mteja likawa: siku yako inaanza lini? Sista Grace, muuguzi wa kituo cha afya aliyehamia kwetu kutoka Njombe, nilipomuuliza alinitazama kama mgonjwa. "Inaanza nikiitwa wodini," akasema. "Weka ya ofisi." Nikamwekea ya ofisi. Fundi Mketo alikuwa ameshaacha kazi kwa macho na hasira, na nilikuwa nikiishi kwa saa za magharibi. Hazikuhitaji hata kufunguliwa. Ilikuwa kubonyeza tu.

Mzee Hamisi alinipa Zena. Sitasema ni kwa sababu ya saa, lakini hakunitolea sababu nyingine. Kila aliponitembelea aliisifu mbele ya watu. Wakati wa Ramadhani, ambayo miaka ile iliangukia masika, alishinda shambani bondeni akilinda mpunga juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu, mbali na adhana yoyote. "Mawingu kote, jua hulioni," alituhadithia. "Wenzangu wanatazama juu kama kuku. Mimi natazama mkono. Siku ikigeuka, nakula tende zangu." Watu wakasema mashaallah. Mimi nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, na ndani nilikuwa navimba.

Kisha Zena akapata ujauzito na vita ya jina ikaanza. Mama yangu alitaka mtoto, akiwa wa kike, aitwe Mwajuma kama yeye. Mzee Hamisi alitaka Mwanahamisi, maana hakuwa na mjukuu hata mmoja anayebeba jina lake, na hakuwa akificha kwamba linamuuma. Hapakuwa na wa kurudi nyuma. Mwishowe Mzee mwenyewe akatoa hukumu: "Hatugombani. Majina haya ni ya siku. Akizaliwa Alhamisi ni wangu, Ijumaa ni wako, na siku nyingine shehe ataamua." Mama akakubali kwa sauti ya mtu anayesubiri kupinga baadaye.

Zena alishikwa na uchungu Alhamisi mchana, mwezi wa Mfungo Mosi, Ramadhani imeisha lakini mvua haijaisha. Tulikaa kwenye benchi la baraza ya kituo cha afya: mimi, Mzee Hamisi, jirani yetu Bi Tatu, na watu kadhaa wa Mtawanya waliokuja na wagonjwa wao, nusu yao wamevaa saa nilizozitegesha mimi. Mama alikuwa ndani. Mvua ilipiga bati mpaka ukitaka kusema lazima upige kelele. Adhana kama iliadhiniwa hatukuisikia, na jua tangu asubuhi hatukuliona.

Mzee Hamisi alikuwa anaitazama saa kila mara. Alhamisi ilikuwa inamwishia mkononi. Nilimwona anaiombea dua.

Ikageuka. TH ikaondoka ikaja FR. Kitambo kidogo baadaye, tukasikia kilio cha mtoto.

Mama alitoka mbio akipiga vigelegele. "Wa kike! Mzima! Mama yake mzima!" Kisha, bila kupumzika: "Hebu nione hiyo saa, Mzee Hamisi."

Mzee akaificha ndani ya mkono wa kanzu. Halafu akaona haya, akaitoa.

"Ijumaa," akasoma Mama, ambaye alikuwa hasomi kitu kingine chochote. "Mwajuma huyo. Amekuja mwenyewe."

Sista Grace akachungulia mlangoni na kadi ya kliniki. "Nimeandika Alhamisi, saa kumi na mbili na dakika kumi jioni. Kuna tatizo?"

"Hiyo Alhamisi ya serikali," Mama akamwambia.

"Mama, mimi sina nyingine."

"Waandike wanavyotaka. Siku zetu tunazijua."

Benchi zima likacheka, ila Mzee. Aliniita pembeni, chini ya mchirizi wa bati, maji yakitumwagikia nyuma ya visigino.

"Mkwe, hii saa umeichezea."

"Sijaigusa, Baba."

"Mama yako ni Mwajuma. Saa umeitegesha wewe. Mimi ni mzee, si mjinga. Niambie kweli: mtoto kazaliwa siku gani?"

Hapo nilikuwa na nafasi ya kunyamaza, na kunyamaza ndiyo kazi niliyosomea. Lakini alinitazama kama alivyoitazama ile saa siku ya kwanza, akingoja igeuke. Zena alikuwa ndani na mtoto wake, na huyu alikuwa babu yake.

"Baba, chipu hailijui jua," nikasema. "Aliyeichora hakuiwekea jua. Ikifika kumi na mbili inageuza, basi. Jua la Kibiti halizami kumi na mbili kamili, si masika si kiangazi. Linazama baadaye. Mtoto kazaliwa jua bado liko. Ni Alhamisi. Jina ni lako."

Nilitegemea afurahi. Yeye akaitazama saa yake.

"Linazama baadaye kiasi gani?"

"Kiasi cha mtu kwenda kisimani na kurudi."

"Na Ramadhani?"

"Hata Ramadhani, Baba."

Nilikuwa nimeshalisema ndipo nikalielewa. Nikaliona lile dungu, mawingu, na tende zikiliwa kwa utulivu, siku baada ya siku, jua likiwa bado angani nyuma ya mvua. Nikawaona na wengine wa Mtawanya pale benchini, kila mmoja na mkono wake. Kama angetoka pale akasema neno moja tu, hakuna ambaye angenipa tena hata mkanda wa kushona. Nilitazama chini. Maji yalikuwa yananiingia kwenye viatu.

Mzee Hamisi aliivua saa, akaifuta kwa kanzu, akaivaa tena. Akarudi barazani. Mama alikuwa amesimama amejishika kiuno, tayari kwa raundi ya pili.

"Saa haikosei," Mzee akatangaza, benchi lote likisikia. "Ni Ijumaa. Mtoto ni Mwajuma. Hongera, mama."

Mama alikuwa na maneno mengi aliyoyaandaa, na yote yakakosa kazi. Bi Tatu peke yake hakupiga kigelegele. Alimtazama Mzee, akanitazama mimi, akatazama maji yanavyonidondoka.

Mimi nilidhani nimemwelewa. Niliona Mzee amepima, jina upande mmoja na Ramadhani yake upande wa pili, akaona heri apoteze jina kuliko kukubali kwamba alikuwa anafungua kabla ya wakati. Nikamwona mjanja. Nikaona na mimi nimepona kwa ujanja wake, na nikalala vizuri.

Kazini nilibadilika kidogo. Niliwaita wenye saa za magharibi, mmoja mmoja, nikiwaambia zinahitaji kusafishwa vishikio. Nikisafisha nilimnong'oneza kila mmoja kwamba yake ina ugonjwa mdogo: inageuza siku, haifuturishi, asubiri adhana au giza, na akiwa na siku za kulipa ni siri yake na Mola wake. Kila mmoja alidhani ni yake peke yake. Wakanishukuru kwa uaminifu. Mnaona jinsi kazi hii ilivyo. Kwa hiyo nanyi, mtu akikuletea saa yake janja, hata kama chipu yake inajua aliposimama na dakika jua linapozama pale, muulize kwanza siku yake inaanza lini. Aliyeichora kaamua kwa niaba yake, na mteja hajui kama aliamuliwa.

Mwezi wa Mfungo Mosi ukapita, na unaoufuata ukafika katikati. Asubuhi moja nilikuwa mezani nafuta vioo, Mwajuma amelala ndani ya kanga kando yangu, Bi Tatu akapita akitoka Mtawanya kwa dada yake, kikapu kichwani. Nilimuuliza kama wakwe zangu hawajambo. Hakukitua kikapu. Alisema hivi, neno kwa neno:

"We Shabani, mkwe wako bado anafunga. Sita za sunna za Mfungo Mosi kazimaliza zamani, nikamuuliza anafungia nini tena, akanambia ana deni la Ramadhani, nisimtangaze. Jina kakuachia, njaa kaibeba yeye, na wewe umekaa hapo unafuta vioo."